KUKWANGUA LAMI YA CHINI YA GARI LA ZAMANI

Katika Afrika Mashariki kuna mashindano ya magari ya zamani yaitwayo East African Safari Classic Rally, yaliyoanza mwaka 2003. Huko, na hata katika karakana za mashamba zenye Land Rover kuukuu, gari likitengenezwa upya kijana wa karakana ndiye hutumwa kulala chini yake akwangue lami iliyopakwa kiwandani kuzuia kutu.

Kazi hiyo ni ya lazima. Lami ikizeeka hukauka na kupasuka. Maji hupenya nyuma yake yakakaa, na bati huoza huku kwa nje likionekana zima. Lakini ndugu mfanyakazi, jihadhari na mambo matatu.

Kwanza, uzito wa gari. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likalishwe juu ya stendi nne za chuma, kwenye sakafu ngumu. Lisukume kwa mkono, likitikisika, usiingie.

Pili, vumbi. Lami nyingi za miaka hiyo zilichanganywa na nyuzi za asbesto, na rangi iliyo chini yake huweza kuwa na madini ya risasi. Kwa macho huwezi kutambua. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni huleta saratani, ambayo huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30 au 40. Kwa hiyo usitumie grainda, brashi ya waya ya mashine wala hewa ya kompresa. Lowesha kwa maji ya sabuni, kisha kwangua kwa mkono. Takataka zifungwe zikiwa bado mbichi, zisifagiliwe kavu. Kitambaa puani hakitoshi. Inatakiwa barakoa yenye chujio la daraja la P3. Ovaroli ifuliwe kazini, isipelekwe nyumbani kwa mama na watoto.

Tatu, petroli. Mafundi wengi huitumia kufutia mabaki ya lami. Petroli huwaka kwa cheche moja, na ndani yake mna benzini iletayo saratani ya damu. Afadhali mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mlango ukiwa wazi, glavu mkononi na moto mbali.

Haya si maombi ya hisani. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba juu ya benzini mwaka 1971 na juu ya asbesto mwaka 1986. Mwezi Juni 2022 liliamua kwamba usalama na afya kazini ni miongoni mwa haki za msingi, ambazo kila nchi mwanachama ina wajibu wa kuziheshimu.

Basi mwajiri asipotoa stendi, barakoa na glavu, msinung'unike pembeni. Mwoneni mjumbe wa tawi lenu kabla gari halijainuliwa, mwende pamoja naye ofisini.