Kesi ya Dereva Si Kesi ya Gari

Swali huja kwa sura ileile kila mara: "Wakili, dereva wangu alikamatwa, gari likapotelea mikononi mwa polisi. Kesi yake ikiisha na akiachiliwa, nitaweza kudai gari langu?" Nimelijibu ofisini, nimelijibu kwa simu, nimelijibu hata matangani, na bado linarudi. Linanikera kwa sababu anayeliuliza huwa amekwisha kupoteza miezi ambayo hakuna mahakama nchini Kenya itakayomrudishia.

Kuachiliwa kwa dereva hakuhusiani na gari. Kufungwa kwake pia hakuhusiani nalo. Ikiwa unasubiri hakimu aseme kama alikuwa na hatia ndipo uanze kudai, acha kusubiri leo.

Watu wengi wanaamini kwamba mtu akishakamatwa kihalali, chochote kitakachompata baada ya hapo ni sehemu ya adhabu yake. Dereva alikuwa amelewa, gari likaibwa, basi na avune alichopanda. Sheria haisemi hivyo. Adhabu ya kuendesha gari ukiwa mlevi hutolewa na mahakama, na mali ya mtu hutaifishwa kwa amri ya mahakama. Dereva aliyekiri kosa na kutumikia adhabu aliyopewa amemaliza. Hakuna kifungu kinachoongeza kwamba gari lake nalo lichukuliwe na mtu asiyejulikana saa nane usiku. Tena mara nyingi gari si lake: ni la mwajiri, la mamake, la chama, au jina la benki bado liko kwenye logibuku. Hao wote hawakuvunja sheria yoyote, na Kifungu cha 40 cha Katiba kinalinda mali yao kama ya mtu mwingine yeyote.

Najua imani hii ilikotoka. Lipo dai moja ambalo kweli husubiri: la kushtakiwa kwa nia mbaya. Katika dai hilo, lazima kesi ya jinai imalizike kwa manufaa ya mshtakiwa kabla hajaomba fidia. Watu wamelichukua sharti hilo wakalibandika kwenye kila dai dhidi ya polisi. Linalonisikitisha zaidi ni kwamba baadhi ya mawakili nao huwaambia wateja, "Tungoje kwanza ya jinai iishe."

Kungoja huko kunaua dai. Ukomo wa madai dhidi ya Serikali una sheria yake, Sura ya 39. Kifungu cha 3 kinasema kesi ya madhara, ukiwemo uzembe, haiwezi kufunguliwa baada ya miezi 12 tangu sababu ya kushtaki ilipotokea. Ungekuwa unamdai jirani, ungekuwa na miaka 3. Dhidi ya Serikali una mwaka mmoja, na kesi ya trafiki inayoahirishwa mara kwa mara huumaliza mwaka huo bila shida. Usitegemee kuongezewa muda pia: nafasi hiyo imewekewa walioumia mwilini, si waliopoteza gari.

Swali linalofaa ni hili: funguo zilikuwa kwa nani?

Tuchukue tukio la kawaida. Ni saa tano usiku, kwenye kizuizi cha polisi, Barabara ya Mombasa karibu na Mlolongo. Polisi wa trafiki anamsimamisha dereva wa Probox aliyelewa, anamwamuru azime injini, anaingiza mkono dirishani na kuchukua funguo. Dereva anapandishwa nyuma ya Land Cruiser pamoja na wengine. Probox inabaki ukingoni mwa barabara, kioo cha upande wa dereva kikiwa chini kwa sababu hakupewa nafasi ya kukipandisha. Asubuhi analipa dhamana ya polisi, anauliza gari lake, anajibiwa, "Gari gani? Si uliliacha mwenyewe barabarani?"

Mahakama haitaanza na pombe. Itataka kujua ni nani aliyeamua gari libaki pale, na kama dereva aliruhusiwa kulifunga, kumpigia mtu simu alifuate, au kuliendesha hadi kituoni askari akiwa kando yake. Polisi wakishamwondolea mwenye gari uwezo wa kulilinda, ulinzi huo umehamia kwao. Badilisha jambo moja tu, kwamba konda mwenye leseni alikuwepo na akaachiwa funguo, na dai linakaribia kufa.

Gari likishafikishwa kituoni, mambo ni wazi zaidi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 121, inataka kitu kilichokamatwa na kufikishwa mahakamani kitunzwe kwa uangalifu wa kutosha. Na kwa kanuni ya zamani ya amana, anayeshika mali ya mwenzake ndiye anayepaswa kueleza ilivyopotea. Wewe unathibitisha kwamba gari liliingia mikononi mwao na halikurudi. Wao wanathibitisha kwamba walikuwa waangalifu. Wakiweza, wameshinda, kwa sababu si kila wizi ni uzembe. "Hatujui lilienda wapi" si maelezo. Bango la ukutani kwamba magari huegeshwa kwa hatari ya mwenyewe halisaidii pia, kwa kuwa mtu ambaye gari lake lililetwa kwa nguvu hakukubaliana na bango lolote.

Na kama mwizi ni askari mwenyewe? Katika kesi ya Morris dhidi ya Martin, Uingereza, miaka ya 1960, vazi la manyoya lilipelekwa kusafishwa, na mfanyakazi aliyepewa kazi ya kulisafisha akaliiba. Kampuni iliwajibika, kwa sababu aliyeiba ndiye iliyemkabidhi vazi hilo. Maamuzi ya namna hiyo hayazifungi mahakama zetu, lakini nazo huyapa uzito.

Sasa la kufanya, kwa haraka. Ukikamatwa, Kifungu cha 49 cha Katiba kinakuruhusu kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao msaada wao unahitajika. Mpigie mtu alifuate gari. Dai gari liandikwe kwenye kitabu cha matukio cha polisi (OB): nambari ya usajili, saa, kilomita, gurudumu la akiba, redio, aliyepokea funguo na nambari yake ya kazi. Piga picha. Likipotea, ripoti wizi siku hiyohiyo na uchukue nambari ya OB, mjulishe mwenye bima na benki kwa maandishi. Bima ya mtu wa tatu pekee haitakulipa. Ile kamili huenda ikalipa, lakini soma masharti kuhusu ulevi na gari kushikwa na mamlaka. Mpelekee Mwanasheria Mkuu notisi ya siku 30. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2012 kwamba ukiikosa kesi isitupwe, lakini ipeleke. Mshtaki Mwanasheria Mkuu, si mkuu wa kituo (OCS) peke yake. Kama gari lilivutwa na brekdauni ya mtu binafsi, mwunganishe naye kwenye kesi. Hakimu mkuu anasikiliza madai hadi shilingi milioni 20, kwa hiyo magari mengi hayahitaji Mahakama Kuu. Beba rekodi ya umiliki kutoka mamlaka ya usafiri, NTSA, ripoti ya thamani ya gari, na risiti za usafiri uliokodi. Hasara isiyo na karatasi haitalipwa. IPOA, mamlaka inayosimamia mwenendo wa polisi, ipokee malalamiko yako, ila haikulipi gari.

Ukishinda, huwezi kuinadi mali ya Serikali. Baada ya siku 21 unaomba hati ya amri chini ya kifungu cha 21 cha sheria ya kesi dhidi ya Serikali, Sura ya 40, unaiwasilisha, na wakinyamaza unaomba Mahakama Kuu imwamuru afisa mwenye mamlaka ya malipo katika idara husika alipe.