Hana hakuondoka kimya

Somo: 1 Samweli 1:9-18

Leo naomba nianze na ndoo ya maji, kisha twende Shilo.

Mtu aliyezaliwa Newala anajua thamani ya ndoo ya maji. Uwanda wetu wa juu wa Makonde hauna mito. Bibi zetu walishuka mabondeni usiku kutafuta maji, wakapanda tena na mitungi kichwani kabla jua halijawa kali. Hata baada ya mradi wa maji wa Makonde kuanza enzi za mkoloni, bomba limekuwa na siku zake za kutoa na siku zake za kukauka. Mtoto wa Newala hufundishwa mapema kunywa kwa kiasi. Nimeolewa Masasi, huku chini kwenye vilima vya mawe, miaka 24 sasa, lakini adabu ile ya maji sijaiacha. Ndiyo maana mwaka juzi nilishtuka nilipojikuta naamka mara tatu usiku kwenda chooni, na kila nikirudi nakunywa bilauri nzima. Mume wangu alisema ni joto. Joto lilikuwepo kweli, ilikuwa Oktoba na watu wako kwenye korosho. Lakini mimi nilikuwa namfikiria mama.

Mama yangu alikufa akiwa na mguu mmoja. Alijikwaa kwenye kisiki chini ya mikorosho, akapata kidonda kidogo kwenye kidole, kidonda ambacho hakikumuuma. Kutouma kwake ndiko kulikotudanganya. Alikifunga kitambaa, akaendelea kuokota korosho hadi msimu ukaisha. Tulipomfikisha hospitali, kidole kilikuwa cheusi na sukari yake ilikuwa juu mno. Wakakata kidole, baadaye wakakata mguu chini ya goti. Kabla ya siku ile hakuna mtu aliyewahi kumpima sukari, na wala sisi watoto wake hatukuwahi kuuliza.

Basi nikaenda kupima. Hospitali sitaitaja, maana sikuja hapa kumshitaki mtu. Nilifika saa moja asubuhi nikakuta foleni imeshazunguka jengo. Saa nne njaa ikanizidi, nikanywa chai ya sukari na maandazi mawili kwa mama lishe wa getini, kwa sababu hakuna aliyeniambia nisile. Saa tano nikaitwa. Daktari alikuwa kijana, rika la mwanangu wa kwanza. Alinipa shikamoo bila kuinua macho kwenye kadi. Nikasema nina kiu na nakojoa sana usiku. Akanituma maabara, wakanitoboa kidole, nikarudi na karatasi imeandikwa 8.3.

"Mama, hii ni chai," akasema. "Kisukari ni cha watu wanene, wewe mwembamba hivi. Punguza mawazo." Akamwita anayefuata.

Nilikuwa na mambo matatu mdomoni. La kwanza, mguu wa mama. La pili, kwamba mtoto wangu wa mwisho alizaliwa na kilo 4 na nusu, na wakunga walishangaa. La tatu ni fangasi wanaonisumbua kila baada ya miezi miwili, jambo ambalo mwanamke halisemi hivi hivi mbele ya kijana. Yote matatu yalibaki mdomoni. Nikasema, "Asante, Dokta," nikatoka.

Msomaji wangu, pengine nawe umewahi kutembea kutoka chumba cha daktari hadi getini ukiwa na hisia ile. Si maumivu ya mwili. Ni kujiona mtu mzima uliyekuja kusumbua watu wenye kazi. Nilipofika nyumbani ilikuwa imegeuka hasira, na hasira ile niliilisha miezi miwili. Nilimsimulia jirani, nikamsimulia shemeji, nikamsimulia muuza mbaazi sokoni. Nilimsimulia kila mtu isipokuwa yule daktari.

Nikaipeleka pia kwenye maombi ya akina mama siku ya Alhamisi. Dada mmoja akaniambia nisiukiri ugonjwa, kwa kuwa mtu hupata anachokiri. Mwingine akaniahidi majani ya mlonge ya kuchemsha. Mwingine, kwa upendo kabisa, akasema daktari ameshasema huna, mshukuru Mungu mama. Tukaimba, tukaombeana, tukaagana. Kikao kizima hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Nami siwalaumu sana, kwa sababu kikundi kile nimekiongoza muda mrefu na hivyo ndivyo nilivyowazoeza.

Mwezi ule wa Desemba ikawa zamu yangu kuongoza neno kwenye ibada ya akina mama, na somo nililopangiwa lilikuwa la Hana. Nilidhani nalijua. Nimelisikia tangu shule ya Jumapili: mwanamke asiye na mtoto, mke mwenzake anayemchokoza, sala ya machozi, kisha Samweli. Safari hii macho yangu yalikwama kwa Eli.

Eli ameketi kitini karibu na mwimo wa mlango wa hekalu. Anamwona mwanamke anachezesha midomo bila sauti. Anaangalia mdomo, anakata shauri: huyu amelewa. Tusimhukumu haraka mzee huyu. Ulikuwa wakati wa sikukuu, watu walikuwa wametoka kula na kunywa, na sidhani kama Hana alikuwa wa kwanza kumjia katika hali ya kumtilia shaka. Alikuwa na uzoefu wa miaka mingi, na uzoefu ulimwambia jibu kabla hajauliza swali. Alimwona mwanamke mwenye dalili ambayo mara nyingi huwa na maana moja, akampa maana hiyo, na juu yake akaongeza karipio.

Sasa tazama Hana. Mimi ningesema asante na kutoka. Mwingine angemjibu kuhani kwa ukali, na ukali ule ungethibitisha ulevi. Hana anamwita bwana wangu, halafu anamkatalia waziwazi: sivyo. Kisha anamweleza kile ambacho Eli hawezi kukiona kutoka pale kitini. Kwamba hajaonja divai wala kileo. Kwamba ana huzuni rohoni. Kwamba maneno yake yametoka kwenye uchungu mwingi. Hakumfundisha kazi yake ya ukuhani. Alimpa habari tu. Na Eli, kwa heshima yake, hakung'ang'ania. Aligeuka palepale akambariki. Tumehubiri sala ya Hana mara nyingi. Jibu lake kwa Eli sikumbuki kulisikia likihubiriwa hata mara moja.

(Nitachomeka jambo dogo hapa. Yule mwanamke aliyetokwa damu miaka 12, Marko anaeleza bila kuficha kwamba waganga wengi walimtesa na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Luka naye anasimulia habari hiyohiyo, lakini anasema tu kwamba hakuna aliyeweza kumponya. Paulo katika Wakolosai anamwita Luka tabibu. Nikisoma sura hizo mbili huwa natabasamu, naona mtu anayewastahi wenzake wa kazi.)

Nikajiuliza kwa nini sisi huku hatujibu. Nadhani ni kwa sababu hospitali kwetu ilikuja na kanisa, mkono kwa mkono. Misheni ya UMCA ilifika Masasi mwaka 1876, Askofu Edward Steere akiwa na watu waliokombolewa utumwani. Wabenedikto wakajenga Ndanda mwaka 1906. Daktari Leader Stirling alikuja Lulindi mwaka 1935 akiwa mmisionari, akapasua wagonjwa mahali ambapo hapakuwa na vifaa vya maana, na miaka ya 1970 akawa Waziri wa Afya wa nchi hii. Watu wa namna hiyo walistahili heshima waliyopewa. Ila sisi tuliichukua heshima ile tukaifanya iwe kimya. Daktari akawa kama padri altareni, na nani anamjibu padri akiwa altareni? Hana alimjibu kuhani mlangoni pa hekalu.

Na lile neno kwamba kisukari ni cha watu wanene lina asili yake. Miaka ya 1980 wataalamu walipopima watu katika vijiji kadhaa vya Tanzania, waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu 1 katika watu wazima 100. Ulikuwa ugonjwa wa kuusikia mjini, kwa watu wenye magari. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta karibu 9 katika kila 100. Mtu mwembamba naye huugua, hasa aliyezaliwa na mzazi mwenye kisukari, na mwanamke aliyejifungua mtoto mkubwa ana sababu ya ziada ya kupimwa.

Januari nikarudi. Usiku ule nilikula saa mbili, asubuhi sikuweka kitu mdomoni zaidi ya maji. Mambo yangu matatu nilikuwa nimeyaandika kwenye karatasi ya daftari, kwa sababu ulimi wangu naujua. Nikamkuta kijana yuleyule. Moyo ulinienda mbio kuliko siku ya kwanza.

"Dokta," nikasema, "mara ile uliniambia ni chai, na nadhani ulisema kweli. Lakini kuna mambo matatu sikukwambia." Nikamsogezea karatasi. Akaisoma. Mara hii aliinua macho.

"Mbona hukusema habari za mama yako?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Hilo la mwanangu lilinitoka tu. Akanyamaza kidogo, akasema pole, akanituma maabara. Ikasoma 6.6. Akasema kipimo kimoja hakitoshi, nirudi wiki inayofuata nikiwa sijala vilevile. Ikasoma 6.5. Hapo akanieleza vizuri, akichora mstari nyuma ya karatasi yangu: kabla ya kula, chini ya 6.1 ni kawaida, kuanzia 7.0, ikirudiwa ikawa hivyo tena, ni kisukari; mimi nipo katikati. Sijaugua, lakini niko njiani, na njia hiyo watu wengine huirudi.

Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitarajia. Kiu yangu na safari zangu za chooni, alisema, haviwezi kuletwa na sukari ya 6.6. Akapima mkojo, akakuta maambukizi, akanipa dawa, na baada ya wiki nilikuwa nalala hadi alfajiri. Kwa hiyo mume wangu na joto lake hakuwa mbali sana, na mimi nilikosea ugonjwa ingawa sikukosea kuwa na wasiwasi. Daktari naye, chai aliipatia, ila unene aliukosea. Na wakati natoka alirudia tena kwamba nipunguze mawazo. Basi.

Niliyoambiwa kufanya si makubwa. Chai naiweka tangawizi, sukari nimeiacha. Ugali wa muhogo bado nakula, lakini bonge limepungua na mboga na mbaazi zimeongezeka. Juisi ya mabibo, ambayo nilidhani ni tunda tu, nayo ni sukari, kwa hiyo msimu ukifika naonja na kuweka kikombe chini. Na natembea kwa haraka nusu saa, siku tano kwa juma. Marekani walifuatilia watu wenye sukari ya katikati kama yangu, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba waliotembea dakika 150 kwa juma, wakabadili chakula na kupunguza uzito, walipunguza hatari ya kupata kisukari kwa zaidi ya nusu. Mimi uzito wa kupunguza sina, kwa hiyo nashikilia miguu na sahani. Kila baada ya miezi sita napima tena.

Kwenye maombi ya Alhamisi tumeongeza kitu kidogo. Mtu akileta shida yake, kabla hatujafumba macho, tunamuuliza: imeanza lini, umemwambia nani, alikujibu nini? Mara ya kwanza tulichelewa kumaliza, na dada mmoja alilalamika kwamba maombi yamekuwa kama baraza. Wiki iliyofuata dada huyohuyo alisema miguu yake inakufa ganzi tangu Pasaka, na hajawahi kumwambia mtu.

Aliyebaki ni mdogo wangu, yuko Newala, tumenyonya ziwa moja. Nimempigia simu mara nne. Anasema yeye hana shida, tena daktari fulani aliwahi kumwambia yuko sawa. Nikamuuliza alimwambia daktari habari za mguu wa mama? Simu ikawa kimya, nikasikia jogoo wa kwake anawika.

Jumatano napanda Newala kulala kwake. Nimemwambia asinipikie chai asubuhi ya Alhamisi, tutakunywa tukitoka hospitali, na akipenda tutapita Shimo la Mungu tukaangalie Ruvuma huko chini kama tulivyofanya utotoni. Karatasi ya daftari nimeshaikata, nusu yake iko wazi kwa ajili ya mambo yake.