Mchezo Nao ni Mwalimu

Wazazi wengi husema: «Mtoto huyu anacheza tu, hajifunzi kitu.» Nasi tulisema hivyo miaka mingi, tena mbele ya darasa, chaki mkononi. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu jinsi tulivyobadili mawazo. Aliyetubadili si mwalimu mkuu wala kitabu, bali ni mtoto wetu wa miaka 9.

Mwezi wa 3 wa mwaka 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, shule zote za Kongo zilifungwa. Watoto walirudi nyumbani na madaftari yao, wala hakuna aliyejua watakaa hata lini. Sisi, tuliozoea kufundisha watoto wa wengine, tukaanza kufundisha wetu wenyewe barazani kila asubuhi. Mkubwa, msichana wa miaka 12, alijifunza bila taabu. Lakini yule wa pili alishindwa kabisa na hesabu za kugawanya zenye mabaki. Akiona kibao tu, machozi yalimlengalenga. Sisi tukapaza sauti, naye akazidi kunyamaza. Ukali wetu haukumpa hesabu, ulimpa woga.

Baba yetu mzee, aliyekaa nasi wakati ule, alitazama mambo hayo siku nyingi bila kusema neno. Kisha asubuhi moja akachimba mashimo 32 chini ya mwembe: safu 4, kila safu mashimo 8. Akaleta kopo la maharagwe, akawaita wajukuu.

Mchezo huo ni wa kale, nao una ndugu wengi. Katika Rwanda huitwa igisoro, na hivyo ndivyo mzee alivyouita, kwa kuwa alikulia karibu na mpaka. Uganda huitwa omweso. Waluba wana kisolo chao, na watu wa pwani wana bao. Kanuni hupishana, lakini mzizi ni mmoja. Katika igisoro kila mchezaji ana safu 2, yaani mashimo 16, na kete 32, akianza na kete 4 katika mashimo 8. Huokota kete za shimo moja na kuzidondosha mojamoja, akizunguka mashimo yake. Kete ya mwisho ikianguka penye shimo tupu, zamu yake imekwisha. Ikianguka penye kete, aziokota na kuendelea. Lakini ikiwa ni katika safu ya mbele, na mashimo mawili ya adui yanayoielekea yana kete yote mawili, basi aziteka na kuzitembeza upande wake. Shimo lenye kete moja haliwezi kuanza safari. Mtu akibaki na kete mojamoja tu, ameshindwa.

Juma la pili likatukia jambo. Mtoto wetu alilitazama shimo lililojaa kete 19, akanong'ona: «Kumi na sita zarudi nyumbani, tatu zapita.» Kisha akacheza, na kete ya mwisho ikaanguka pale pale alipotaka. Wasomaji, je, hiyo si hesabu ya kugawanya yenye mabaki? Ni ile ile iliyomliza kibaoni! Kumbe alikuwa ameigundua mwenyewe, bila machozi, kwa sababu aliihitaji.

Hapo sisi tukafanya kosa. Kwa furaha tukakimbilia chaki. «Vema! Na kete 35 je? Na kete 50?» Tukamwuliza kabla ya kila zamu, tukaandika majibu, tukatoa alama. Siku ya tatu mtoto akasema tumbo lamwuma, akaenda kulala. Mashimo yakabaki pale, na kuku wakaokota maharagwe.

Jioni mzee akatuambia kwa upole: «Mwanangu, umeketi pale kama mkaguzi. Mtoto amekwisha kujua kwamba kila shimo lina mtego. Ukitaka kucheza naye, cheza.»

Maneno hayo yalituchoma. Tulikumbuka aliyoyaandika Mtakatifu Tomaso wa Akwino, tuliyoyasoma seminarini: kwamba roho nayo huchoka kama mwili, na mchezo wenye kiasi ndio pumziko lake. Tuliyajua kwa ajili ya mtihani. Nyumbani kwetu hatukuyatumia.

Basi tukaketi chini, tukacheza kweli. Siku moja mchezo ulikuwa mkali. Tukaokota kete, tukadondosha mbili tatu, kisha tukaona tumekosea: njia ile ilituacha wazi mbele ya adui. Mkono ukaanza kuzirudisha. Mtoto akatazama chini, akasema polepole: «Baba, ulisema kete zikiisha kudondoka hazirudi.»

Pakawa kimya. Ilikuwa rahisi kusema: «Mimi ni baba yako.» Wangapi kati yetu hatusemi hivyo? Mzee aligeuza uso, akautazama mwembe. Sisi tukaziacha kete mahali pake, tukaendelea, na baada ya zamu chache tukashindwa na mtoto wa miaka 9.

Usiku ule ule alituletea daftari lake, ambalo kwa majuma mengi alikuwa akilificha. «Baba, hii nayo, nionyeshe pale nilipokosea.» Alikuwa ameona kwamba hata baba hukosa, hushindwa, wala hafi. Sasa aliweza kuonyesha makosa yake. Wahenga walisema: asiyekubali kushindwa si mshindani. Twaongeza: wala hawezi kuwa mwanafunzi.

Mama wa watoto naye aliona jambo ambalo sisi hatukuliona. Kila mchezo ulipoanza, binti yetu alikuwa amesimama pembeni na ndoo ya maji. Tukagawanya upya kazi za nyumbani: wavulana nao wakachota maji na kuosha sahani, binti akapata nafasi chini ya mwembe. Mdogo wa miaka 5 alipewa kazi ya kupanga kete nne nne, na jioni kuzihesabu zote mpaka 64. Ikipungua moja, wote walitafuta. Hivyo alijifunza kuhesabu, na pia uaminifu.

Mwezi wa 10 shule zilifunguliwa. Hatusemi kwamba mtoto wetu alikuwa wa kwanza darasani. Alama zake za mwanzo zilikuwa za kadiri tu. Lakini aliinua mkono na kuuliza. Shule zilipofungwa tena mwezi wa 12, hatukuhitaji kumwita. Tulipotoka nje asubuhi, tulimkuta amekwisha kuchimba mashimo.

Wazazi, katika Kivu yetu si maradhi tu yafungayo shule. Vita navyo vimezifunga mara nyingi. Nyumba isiyo na vitabu yaweza kuwa na mashimo 32 na kopo la maharagwe. Lakini msidhani kwamba kuwapa watoto mchezo na kuondoka kwatosha. Ketini nao, mkatii kanuni zile zile wanazozitii. Mkishinda, msijivune, mkishindwa, msikasirike. Wala msitoe chaki kabla ya wakati wake.

Nanyi wanafunzi, mwombeni babu au nyanya yenu awafundishe mchezo wa kwao kabla hajaondoka duniani nao. Mzee wetu hayupo tena. Mashimo yake chini ya mwembe yangalipo, na kila msimu wa mvua ukiisha watoto huyachimba upya.