Moto wa Gesi Chini ya Sufuria la Pombe

Ustadi wa kupika pombe ya ulezi ulikamilika Ngonga, kama katika Kyela yote, juu ya mafiga matatu, na mama aliyeurithi kwa mamaye hana haja ya kufundishwa ni wakati gani uji umeiva, kwani hulijua jambo hilo kwa uzito wa mwiko mkononi. Lakini moto wa gesi ni mgeni uani kwake, na aliyemwuzia jiko aghalabu alimwuzia chuma na mpira, asimwuzie maarifa ya kuuongoza moto wenyewe. Sababu za kumpokea mgeni huyu ni dhahiri. Kyela hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na katika Aprili kuni zilizoloa hutoa moshi kuliko joto. Fauka ya hayo Serikali, iliyozikataza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kutumia kuni na mkaa tangu mwisho wa Januari 2024, imekusudia asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034. Mpika pombe wa nyumbani hakutajwa katika katazo hilo, illa kuni zake hutoka katika miti ile ile.

Gesi iliyomo mtungini ni mchanganyiko wa propani na butani, uliogandamizwa hata ukawa kimiminika. Valvu ikifunguliwa, hurejea kuwa mvuke, ikapita katika regulata na mpira, ikatoka kwa kasi katika tundu dogo la jeti, na kwa kasi hiyo hiyo ikavuta hewa kupitia madirisha yaliyo ubavuni mwa bomba, vikachanganyika njiani kabla ya kuwaka kichwani mwa jiko. Hapa ndipo penye asili ya mambo yote: kipimo kimoja cha propani hudai vipimo 24 hivi vya hewa ili kiungue sawasawa, na kimoja cha butani hudai 31, basi mtu aonaye moto wake umedhoofika akakimbilia kuongeza gesi, aghalabu huongeza njaa pahali penye njaa.

Kwa hiyo marekebisho sharti yaanze kwenye hewa. Washa jiko kivulini, bila sufuria, ufungue gesi kadiri utakayoitumia kazini, kisha legeza skrubu ya kile kifuniko cha kuzunguka kizibacho madirisha ya hewa, ukakizungushe polepole sana. Kikiwa kimefungwa, ndimi za moto huwa ndefu, laini, za manjano, nazo huacha masizi chini ya sufuria. Kadiri kinavyofunguka umanjano hupungua, mpaka juu ya kila tundu pasimame ncha fupi ya buluu iliyokoza ndani ya buluu iliyofifia. Hapo simama. Ukizidi kufungua, moto utanguruma na kuyaacha matundu yake, ukawakia juu juu hata pengine ukazimika, na kwa kelele zake humdanganya mpishi kwamba ni mkali. Cheche za rangi ya chungwa zitokanazo na vumbi la unga wa kimea si kosa la jiko, wala usihangaike nazo. Kaza skrubu, teleka sufuria, utazame tena, kwa kuwa sufuria pana lililokaribia mno kichwa cha jiko huubana moto ukarejea manjano, na dawa yake ni kuliinua sufuria, si kugusa hewa. Jiko lililokaa miezi bila kazi, likitoa umanjano usiosikia marekebisho yoyote, lichunguzwe ndani ya bomba, maana nyigu na buibui hupapenda mno.

Jiko lililorekebishwa Kyela, penye mwinuko wa takriban mita 500, likipandishwa Tukuyu, penye mita 1,500 hivi, hukuta hewa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, na madirisha yake sharti yafunguliwe zaidi.

Kimpumu, ndiyo pombe hiyo ya ulezi, hudai mioto miwili tofauti. Kwanza mkali: kuchemsha lita 40 za maji hula zaidi kidogo ya nusu kilo ya gesi, ikiwa nusu ya joto hupotea pembeni, na upepo wa ziwani usiokingwa huzidisha hasara hiyo. Kisha mdogo, wa saa nyingi, kwa maana pombe hii hunywewa kwa mirija na huongezewa maji ya moto kila ipunguapo. Na moto mdogo ndio mgumu, kwani gesi ikipungua mno moto huweza kurudi nyuma ukawaka ndani ya bomba kwenye jeti, kwa mlio wa kufoka. Zima mara moja, ngoja chuma kipoe, uwashe kwa gesi zaidi. Kwa rai yangu ni bora kununua jiko dogo la pili kuliko kulilazimisha kubwa kunong'ona.

Mtungi wa kilo 6 uliofungwa kwenye jiko kubwa hutoka jasho na kupoa, kwa sababu kimiminika hujipoza kigeukapo mvuke, na moto hufifia ilhali gesi ingalimo. Usiusogeze motoni abadan, bali tumia wa kilo 15. Nao usimame wima, mbali na shimo la machicha, kwani gesi iliyovuja ni nzito kuliko hewa na hutulia mashimoni, na maungio yote ya mpira yapakwe povu la sabuni kabla ya kiberiti kuwashwa.