Kutoka mifupa ya Anyang hadi ‘wa2’ wa Kawangware: Maandishi hukua vipi?

FUNDI mmoja wa Kawangware alinisimulia kisa hiki juzi tukingoja matatu. Foromani wake alimtumia ujumbe wa simu alfajiri: “Kuja na wa2 22.” Fundi akaamka, akabisha mlango baada ya mlango, akakusanya vijana ishirini na wawili, wakatembea kwa miguu hadi mjengoni, Lavington. Kumbe foromani alitaka “watu wawili tu”! Vijana ishirini wakaambiwa warudi walikotoka. Saa hiyo ilikuwa saa tatu asubuhi, na mijengo mingine ilikuwa imeshachukua vibarua wake.

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Kwa kijana wa Kawangware au Kibera, kibarua cha siku ndicho unga wa jioni. Tahajia, ambayo wengi huiona kuwa jambo la darasani tu, iliwanyima watu ishirini chakula.

Aghalabu sisi walimu wa Kiswahili tukiona “m2”, “cjui” na “xaxa” katika insha, huchukua kalamu nyekundu na kulaumu uvivu wa vijana. Katika makala haya ninanuia kuonyesha kwamba jambo lenyewe ni kongwe na lina mantiki yake. Ili kuliona vizuri, hebu twende China kwanza, ingawa safari yenyewe inaanzia steji ya matatu.

Makanga akiita “Foti-siksi! Foti-siksi!” kila mtu jijini anajua gari linaelekea Kawangware. Ukiona 8 kwenye kioo cha mbele, unajua ni la Kibera. Sasa jiulize, msomaji wangu: hiyo 8 inasomwaje? Mswahili atasema nane, Mjaluo atasema aboro, Mkikuyu atasema inyanya. Alama ni moja, maana ni moja, ila sauti ni nyingi. Alama hiyo haiandiki sauti, inaandika wazo lenyewe.

Hivyo ndivyo yanavyofanya kazi maandishi ya Kichina kwa sehemu kubwa. Kila alama, ambayo Wachina huiita hanzi, husimamia neno au sehemu ya neno yenye maana. Mtu wa Beijing na mtu wa Guangzhou wanaweza wasielewane wakizungumza, kila mmoja kwa Kichina cha kwao, lakini wakasoma gazeti moja bila shida.

Hanzi za kale zaidi tunazozijua vyema zilichongwa kwenye mifupa ya ng’ombe na magamba ya kobe, katika enzi ya Shang, yapata mwaka 1200 KK. Wafalme walizitumia kupigia ramli. Kwa karne nyingi mifupa hiyo ilisahaulika ardhini, hadi mwaka 1899 msomi Wang Yirong alipotambua kwamba michoro iliyokuwa juu yake ilikuwa maandishi. Mingi ilitoka eneo la Anyang.

Nyingi za alama hizo zilianza kama picha. Mti ulichorwa kama mti, na leo huandikwa 木. Miti miwili, 林, ni kijisitu. Miatatu pamoja, 森, ni msitu mkubwa. Hapo hakuna tatizo. Lakini je, utachoraje kitenzi “kuja”? Utachoraje “mwenyewe”? Kuna maneno yasiyokuwa na picha.

Waandishi wa Kichina wakapata ujanja. Walichukua picha ya kitu kingine kilichotamkwa vivyo hivyo, wakaiazima kwa ajili ya sauti yake. Hanzi ya “kuja” ilikuwa awali picha ya mmea wa ngano. Picha ikabaki, maana ikahama.

Umeona tunakoelekea? Kijana wa Kibera anayeandika “m2” amefanya jambo lilo hilo. Neno “mtu” halina uhusiano wowote na hesabu ya mbili. Lakini jina la namba hiyo kwa Kiingereza hutamkwa karibu na “tu”, basi akaiazima sauti, akaacha hesabu. Vivyo hivyo “cjui”: herufi “c” kwa Kiingereza huitwa “si”. Kijana huyo hajawahi kusoma historia ya maandishi, ila amegundua upya kanuni ya zaidi ya miaka 3,000. Uvivu haugundui mambo ya namna hiyo.

Hata hivyo, kuazima kuna gharama yake. Alama moja ikibeba maana mbili, msomaji huchanganyikiwa. Tuutazame tena ujumbe wa foromani. Katika “wa2”, namba imeazimwa kwa sauti. Katika “22”, ya kwanza ni hesabu halisi na ya pili ni sauti tena. Foromani alijua ipi ni ipi kwa kuwa ndiye aliyeandika. Fundi hakuwa na njia ya kujua.

Wachina walikumbana na utata huo huo, na suluhisho lao ndilo lililojenga maandishi wanayoyatumia hadi leo. Kando ya alama ya sauti waliongeza kijialama cha kudokeza maana. Mathalani, neno “ma”, yaani mama, huandikwa kwa kuunganisha alama ya mwanamke na alama ya farasi: 妈. Farasi hapo hana kazi ila kutoa sauti, kwani naye huitwa “ma”. Mwanamke ndiye anayeonyesha maana. Msomi Xu Shen, aliyetunga kamusi yake karibu na mwaka 100 BK, alieleza hanzi 9,353, na nyingi zimeundwa kwa njia hii ya sauti na maana.

Lakini hapo ndipo mzigo ulipozidi. Kila neno lilipotaka alama yake, alama ziliongezeka. Kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ilikuwa na hanzi zaidi ya 47,000. Nyingi hazitumiki, lakini hata leo mtu anahitaji kama 3,500 ili asome mambo ya kawaida.

Serikali ya China ilijaribu kuupunguza mzigo huo. Mwaka 1956 ilitangaza hanzi zilizorahisishwa. Farasi, 馬, aliyeandikwa kwa mistari 10 ya kalamu, akawa 马, mistari mitatu. Taiwan na Hong Kong ziliendelea na hanzi za zamani. Mwaka 1958 ukaja mfumo wa pinyin, wa kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kirumi. Urahisishaji wa pili ulianzishwa 1977, ukawachanganya watu, ukafutwa 1986. Ni funzo kwamba maandishi hayarahisishwi kwa kukata tu. Ukikata kupita kiasi, msomaji hupotea njia.

Simu nazo zimeleta changamoto mpya. Mchina huandika matamshi kwa pinyin, kisha simu humletea orodha ya hanzi achague. Akiandika “shi”, hupata makumi ya hanzi zenye matamshi hayo. Jicho linatambua iliyo sahihi, lakini mkono unasahau kuichora. Wachina wana hata msemo wenye maana ya “kushika kalamu ukasahau hanzi”. Kwa hiyo malalamiko kwamba simu inaharibu maandishi ya vijana hayasikiki Nairobi peke yake.

Haya yana umuhimu hapa kwetu. Taasisi ya Confucius imekuwa Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2005, na mwaka 2019 taasisi ya mitaala, KICD, ilitangaza mpango wa kufundisha Kichina katika shule za msingi. Kijana wa Kibera au Kawangware akikutana na hanzi asiogope. Kanuni yake anaijua tayari. Ameitumia kwenye simu yake kila siku.

Na kwa walimu wenzangu, pendekezo langu ni hili. Badala ya kuchapa alama ya kosa na kupita, tumwonyeshe mwanafunzi alichokifanya na mahali kinapovunjika. “M2” haiudhi marafiki wawili wanaojuana. Inavunjika pale msomaji anapokuwa mgeni, kama vile mtahini, mwajiri au daktari. Mchina alilazimika kuunda maelfu ya alama ili auondoe utata. Sisi tahajia yetu ni ya bei nafuu mno: tunaandika kama tunavyotamka. “Wa2 22” ina mibofyo sita. “Watu 2 tu” ina tisa. Kwa mibofyo mitatu zaidi, vijana ishirini wasingepoteza siku.

Nimalizie kwa hanzi moja ambayo ningependa tuibandike darasani. Upande wa kushoto ina alama ya mtu, upande wa kulia ina alama ya mbili: 仁. Husomwa “ren”. Kwa macho ya kijana wetu hiyo ni “m2” hasa. Kwa Wachina maana yake ni wema wa mtu kwa mwenzake, jambo ambalo sisi Waswahili huliita utu. Kumwandikia mwenzako ujumbe atakaouelewa bila kubahatisha nako ni sehemu ya utu huo.