Je, Wajua? Moshi wa Mlimani ni Somo la Falsafa

Ukiwa Morogoro mjini ukaona moshi kwenye miteremko ya Uluguru, utasema kuna moto ingawa hujauona. Pafukapo moshi pana moto! Mfano huohuo wa moshi mlimani ulikuwa maarufu kwa wanafalsafa wa India ya kale. Wabuddha Dignaga na, katika karne ya 7, Dharmakirti walifundisha kwamba njia za kujua ni mbili tu: kuhisi kitu chenyewe, na kukijua kwa hoja kutokana na dalili. Jicho huona moshi. Akili ndiyo huuhusisha na moto. Lakini Dharmakirti alitahadharisha: usipokuwa na hakika kuwa ni moshi, hoja haisimami. Asubuhi, ukungu wa Uluguru nao hufanana na moshi.