Aliir Aliir: kutoka kambi ya Kakuma mpaka mupira wa Australia

Hapa kwetu ukisema mupira, kila mutu anaelewa Mazembe ao Lupopo. Australia tunaisikia sana juu ya mambo ya mine, lakini mupira wao hatuujue. Leo tunawaletea habari ya muchezaji mmoja mwenye alifika juu kabisa katika ule mupira, na siku moja akagongwa kichwa, wakamurudisha kazini mbio mbio. Wenye kushuka chini ya udongo watamuelewa.

Anaitwa Aliir Aliir. Ndiyo, mara mbili, njo jina lake. Wazazi wake ni watu wa Sudan ya Kusini wenye walikimbia vita, naye alizaliwa mwaka 1994 katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, fasi ya jua kali na vumbi. Hata Wakongomani wengi wanaishi mule kambini. Alikuwa angali mutoto mudogo wakati familia ilipata njia ya kwenda Australia, wakakaa Brisbane.

Sasa ule mupira wenyewe. Uwanja uko kama yai, urefu unaweza kufika metre 185. Wachezaji ni 18 kila upande. Ballon nayo ni ya yai. Unaweza kuishika na mikono, lakini kuitupa ni kosa: ukitaka kumupatia mwenzako, unaipiga na ngumi ao na muguu. Hakuna nyavu, kuko nguzo nne. Ukipiga na muguu ikapita kati ya zile mbili za katikati, ni pointi 6. Ikipita pembeni, ni pointi 1. Na hors-jeu haiko, watu wanatokea pande zote. Mutu akidaka ballon yenye imepigwa na muguu kutoka metre 15 ao zaidi, mbele haijagusa chini, wanamuachia nafasi apige bila kusumbuliwa. Ile njo kazi ya Aliir. Yeye ni beki: anasoma ballon mapema, anaacha mutu wake, anaruka. Mwenye alimuona Kidiaba akitoka golini kuchukua corner anaweza kupata picha, ila huku gants haziko, na watu wawili watatu wanamupanda mugongoni.

Njia yake haikukuwa ya mbio. Mwaka 2013 Sydney Swans walimuchagua kwa namba 44, ni kusema vijana 43 waliitwa mbele yake. Alingoja mpaka 2016 kwa kucheza mechi yake ya kwanza ku ligi kubwa. Ule mwaka akashika poste vizuri sana, halafu katika demi-finale akaumia goti. Finale ilichezwa akiwa mutazamaji, na Sydney wakapigwa na Western Bulldogs, 89 kwa 67. Mwisho wa 2020 akahamia Port Adelaide, na 2021 akaingizwa katika ekipe ya wachezaji bora wa ligi nzima. Kwa watu wenye asili ya Sudan ya Kusini, alikuwa wa kwanza.

Tufike kwa mwezi wa 7, mwaka 2023. Port Adelaide walikuwa wanacheza na Adelaide, derby ya muji mmoja. Aliir na mwenzake wa ekipe moja, Lachie Jones, wakakimbilia ballon ile ile, wakagongana. Ligi iko na kipimo chake cha kichwa: muchezaji anatoka, munganga anamuuliza maswali, anamupima akili na usawa wa mwili, dakika kama 15. Kile kipimo hakikufanywa. Aliir akarudishwa uwanjani.

Kisha mechi makelele yakatoka inchi nzima. Ligi ikapiga klabu faini ya dola 100,000 za Australia. Haikukuwa kitu ya kuchezea: mwanzo wa ule mwaka wachezaji wa zamani walikuwa wamekwisha kushitaki ligi mu tribunal juu ya magonjwa ya kichwa. Graham Farmer, fundi mukubwa wa zamani, alikufa 2019, na waganga walipochunguza ubongo wake wakakuta ugonjwa wenye kuletwa na kugongwa mara na mara.

Kwa maoni yetu, ile faini iligusa fasi yenyewe. Mutu mwenye amepigwa kichwa, jiwe ao bega, atakwambia niko sawa, niacheni nifanye kazi. Anaogopa kupoteza poste, anaogopa wenzake wamuone muzembe. Kwa hiyo si yeye wa kuulizwa, na si shefu mwenye anangoja production.

Aliir alikosa mechi yenye ilifuata: sheria inataka siku 12 kwa uchache mbele mutu arudi kucheza. Kisha akarudi ku poste yake, kule nyuma, kuruka na kudaka.